Mpelelezi Anapogeuka Mshukiwa

Katikati ya kitabu cha tatu, Pip Fitz-Amobi anaua mtu. Haui kwa bahati mbaya. Amekwisha kujinasua mikononi mwa mtekaji wake, yuko nje, miti iko karibu na nguvu za kukimbia bado anazo. Lakini anageuka, anamnyatia kwa nyuma mtu aliyetaka kumuua, na anampiga nyundo. Anampiga tena, na tena, hata pale ambapo hakuna haja ya kuendelea. Kitabu bado kina kurasa nyingi mbele, na swali la nani muuaji limekwisha. Lililobaki ni kama muuaji atakamatwa, na msomaji anajikuta akimwombea asikamatwe.

Kitabu hicho ni As Good as Dead cha mwandishi Mwingereza Holly Jackson. Kilitoka Agosti 2021 na kuufunga mfululizo wa riwaya za upelelezi za vijana ulioanza 2019 na A Good Girl's Guide to Murder, ukafuatiwa mwaka mmoja baadaye na Good Girl, Bad Blood. Kitabu cha kwanza kilishinda tuzo ya kitabu bora cha hadithi za watoto katika British Book Awards za 2020. Tangu Agosti 2024, tamthilia yake ilipoingia Netflix, msichana huyu anaweza kutazamwa Nairobi au Dar es Salaam na kijana ambaye hajawahi kushika kitabu chenyewe.

Nitausimulia mwisho wote. Anayetaka kuusoma kwanza aliweke gazeti kando na kulirudia baadaye. Uzito wa kitabu hiki umo katika mwisho wake, na sioni namna ya kuueleza kwa kuzungukazunguka pembeni.

Mji wa hadithi ni Little Kilton, mji mdogo wa kubuni katika Buckinghamshire, karibu na London, eneo alikokulia Jackson mwenyewe. Toleo la Marekani limehamishia kila kitu Fairview, Connecticut, lakini Pip ni yuleyule. Miaka mitano kabla ya kitabu cha kwanza kuanza, msichana wa miaka 17 aitwaye Andie Bell alitoweka. Mpenzi wake, Sal Singh, akakutwa amekufa msituni, na ikasemwa kwamba alimuua Andie kisha akajiua. Maiti ya Andie haikuonekana. Polisi walilifunga jalada, mji nao ukafunga mdomo. Familia ya Singh ikabaki kutengwa na majirani, na kijana mwenye asili ya Kihindi akawekwa katika kumbukumbu ya watu kama muuaji pasipo kusimama mbele ya hakimu hata siku moja.

Pip ni mwanafunzi anayemaliza sekondari, mwenye alama za juu, anayetazamia kwenda Cambridge. Analichagua suala la Andie na Sal kuwa mada ya utafiti wake wa shule kwa sababu anamkumbuka Sal kama kijana mwema na haamini kwamba aliua. Na anayo macho ya kuona jambo ambalo wenzake hawalioni. Baba yake mzazi alifariki, na aliyemlea ni Victor Amobi, mwanasheria wa asili ya Nigeria. Jina lake la ukoo limeunganisha majina ya baba wote wawili. Anajua mji mdogo wa Kiingereza unavyoweza kumkadiria mtu kwa rangi yake kabla hajafungua kinywa. Anamtafuta Ravi, mdogo wa Sal, na wawili hao wanaanza kufukua.

Wanachokifukua kinatisha. Sal aliuawa. Aliyemuua ni Elliot Ward, mwalimu wa historia, baba wa Cara, rafiki wa chanda na pete wa Pip. Andie naye alikufa mbele ya mdogo wake Becca, ambaye alimwona akikata roho na hakunyoosha mkono. Nyuma ya ugomvi wa ndugu hao wawili yuko Max Hastings, kijana wa familia yenye fedha, aliyekuwa akiwawekea wasichana dawa kwenye vinywaji na kuwabaka. Becca alikuwa mmoja wao. Katika kitabu cha pili, Pip, sasa akiwa na podikasti yenye wasikilizaji wengi, anamtafuta na kumpata Jamie Reynolds, kaka wa rafiki yake Connor. Lakini siku hiyohiyo ya ushindi, mwandishi wa gazeti la mji, Stanley Forbes, anapigwa risasi mbele ya macho yake, na Pip anahangaika kuizuia damu kwa mikono yake mpaka mtu yule anafariki. Na Max? Kesi yake ya ubakaji inafika mahakamani. Jopo la raia linasikiliza, linakwenda chemba, linarudi na kumwachia huru.

Hapo ndipo kitabu cha tatu kinapomkuta. Pip halali. Ananunua vidonge vya usingizi vichochoroni kwa muuza dawa. Mlango ukibamizwa anasikia risasi, na akiitazama mikono yake anaona damu ya Stanley. Max anataka kumshtaki kwa kumchafulia jina, kwa kuwa Pip alitangaza hadharani sauti aliyoirekodi. Halafu kuna mtu anayemnyemelea. Mtandaoni anamuuliza tena na tena ni nani atakayemtafuta siku atakapotoweka yeye. Njiwa waliokufa wanakutwa nyumbani kwao. Vijitu vya chaki visivyo na vichwa vinachorwa barabarani, na kila siku vinasogea karibu zaidi na mlango.

Anakwenda polisi. Inspekta Hawkins anamsikiliza kwa adabu na kumwona ni binti aliyechoka, aliyepatwa na mengi. Kurasa hizo zilinikasirisha kuliko za nyundo. Pip amewahi kuwafanyia polisi hawa kazi yao mara mbili, amewaletea ukweli waliouacha uozee, na bado akisema ana hofu, maneno yake hayatoshi.

Kwa hiyo anapeleleza mwenyewe, kama alivyozoea. Anagundua kwamba njiwa na chaki vilikuwepo kabla, katika mauaji ya wanawake watano miaka kadhaa nyuma. Muuaji wa wanawake hao alijulikana kwa kuwafunga nyuso kwa utepe mpana wa kunata, na magazeti yalimpa jina la Muuaji wa DT, kifupi cha duct tape. Kijana aitwaye Billy Karras alikiri na yuko gerezani, ingawa mama yake anaapa kwamba kukiri huko kulikamuliwa kwenye chumba cha mahojiano. Pip anamwamini mama huyo. Anapoliona jibu, amekwisha chelewa, kwa kuwa muuaji amemteka. Ni Jason Bell, baba wa Andie.

Jackson alikuwa ameficha kitu mbele ya macho yetu tangu kitabu cha kwanza. Katika shajara ya shule ya Andie kulikuwa na herufi mbili, HH, pamoja na saa za kukutana. Pip wa kitabu cha kwanza alizisoma kuwa ni nyumba ya Howie, mtu aliyempa Andie dawa za kuuza. Ilionekana sawa, ikaingia kwenye maelezo yake, nasi tukaipitisha. Kitabu cha tatu kinaifungua tena: HH ni Harriet Hunter, dada wa mmoja wa wanawake waliouawa. Andie alikuwa akimjongelea kwa sababu alijua kilichomuua Julia Hunter kilikuwa kikila chakula cha jioni nyumbani kwao. Pesa za dawa zilikuwa nauli ya kutoroka.

Kwa vitabu viwili tulimhukumu Andie Bell. Tuliambiwa ni msichana mzuri wa sura na mkatili wa moyo, muuza dawa, mtu wa kuwatisha wenzake kwa siri zao, na tukakubali, maana katika riwaya za upelelezi marehemu ni wa kuchambuliwa. Kitabu cha mwisho kinatufanya tuone kwamba alikuwa mtoto wa miaka 17 aliyeishi chini ya dari moja na muuaji, akitafuta njia ya kujitoa na kumtoa mdogo wake. Mwandishi anayepanga hesabu zake hivi, akaziacha herufi mbili zisubiri vitabu vitatu, anastahili heshima ya fundi.

Lakini ufundi wa dalili ni sehemu ndogo ya jambo ninalotaka kusema. Kubwa ni hili: Pip alianza mfululizo kwa kumsafisha kijana aliyesingiziwa mauaji. Anaumaliza kwa kumsingizia kijana mauaji.

Baada ya kumuua Jason, anampigia Ravi. Haendi polisi, na sababu yake tumeisikia: alikwenda mara ya kwanza, hakuaminiwa. Anapanga jinsi mauaji hayo yatakavyomwangukia Max Hastings. Wanalichezea joto la maiti ili saa ya kifo isomeke vingine. Max anatiwa dawa kwenye kinywaji kama alivyokuwa akiwatia wenzake, nguo na viatu vyake vinachukuliwa, simu yake inatembezwa mahali ambapo yeye hayupo. Cara na dada yake Naomi, Jamie, Connor, na Nat da Silva, mwanamke ambaye Max alimdhuru, kila mmoja anapewa kipande kidogo cha kazi na anaambiwa asiulize zaidi. Pip anavitumia vyote alivyojifunza katika kesi mbili zilizopita: jinsi kamera zinavyoona, jinsi minara ya simu inavyoshuhudia, jinsi mpelelezi anavyopenda hadithi iliyokamilika.

Ukiyaweka majina haya pamoja, Sal Singh, Billy Karras, Max Hastings, unaona alikofika. Wawili wa kwanza walibebeshwa mauaji wasiyoyafanya, na Pip alilala macho kwa ajili yao. Wa tatu anabebeshwa na Pip. Ni kweli Max ni mbakaji na Sal hakuwa na hatia yoyote. Lakini kosa analofungiwa Max silo alilotenda. Mlolongo wa uongo unaomtia gerezani umefanana na ule uliomzika Sal: ushahidi uliopangwa, ujumbe wa simu ulioandikwa na mkono mwingine, na mji ulio tayari kuamini. Jackson haufichi ufanano huo. Ameujenga kwa makusudi, na nadhani ndiyo sababu wasomaji wake waligawanyika. Wapo waliokifunga kitabu kwa hasira, wakisema huyu si Pip wao. Mimi naona ni Pip yuleyule, amefikishwa mahali ambapo akili yake na ukaidi wake vinaweza kumfikisha mtu.

Riwaya za upelelezi za vijana hazikuzoea kufika huko, kwa sababu hazikuzoea kufika mwisho kabisa. Nancy Drew alizaliwa 1930 katika kiwanda cha vitabu cha Edward Stratemeyer nchini Marekani. Vitabu vyake vingi vya mwanzo viliandikwa na Mildred Wirt Benson chini ya jina la kubuni la Carolyn Keene. Nancy alikuwa na miaka 16, na matoleo yalipopitiwa upya kuanzia 1959 akapewa 18, na hapo akasimama. Miongo ikapita, magari yake yakabadilika, yeye hakuzeeka wala hakujeruhiwa rohoni. Watoto wa Famous Five wa Enid Blyton, wanaojulikana na kila aliyepitia maktaba za shule zetu, walikwenda likizo na kukamata wezi tangu 1942 hadi 1963, vitabu 21. Cha mwisho hakijui kuwa ni cha mwisho. Ni likizo nyingine, wahalifu wengine, na mbwa Timmy yuleyule. Siri ilikuwa kitu cha nje kinachomjia mtoto, anakitatua, kinaondoka, naye anarudi mezani kula.

Wasomaji wa Kiswahili nao wana mazoea hayohayo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtambulisha Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki, akaenda naye hadi Kosa la Bwana Msa cha 1984. Katika miaka hiyo yote Bwana Msa anabaki na kiko chake na utulivu wake, na rafiki yake Najum anabaki kumshangaa. Tunampenda kwa sababu habadiliki. Dunia inavurugika, yeye anaipanga.

Aliyeivunja desturi hiyo kabla ya Jackson ni mwanamke ambaye kila mwandishi wa upelelezi anadaiwa naye. Agatha Christie aliandika Curtain, kitabu cha mwisho cha Hercule Poirot, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akakifungia, na kikatolewa 1975, miezi michache kabla hajafariki. Ndani yake Poirot anakutana na mtu aitwaye Norton, ambaye hashiki silaha kamwe. Anawachochea wengine kwa maneno mpaka waue, na sheria haina pa kumshika. Poirot, aliyeishi maisha yake yote akiamini kwamba mauaji hayaruhusiwi kwa yeyote, anamuua. Kisha anaiweka mbali dawa yake ya moyo na kuiacha hukumu kwa Mungu. Gazeti la New York Times lilitangaza kifo chake ukurasa wa kwanza, kama cha mtu aliyekuwa na kaburi.

Tofauti ya Poirot na Pip ndiyo inayonifanya nikiweke kitabu cha Jackson juu zaidi kuliko wakosoaji wengi walivyokiweka. Poirot ni mzee. Anatenda, anaandika barua ya kukiri, anakufa. Deni lake linalipwa kabla ya ukurasa wa mwisho, na msomaji anapumua. Pip ana miaka 18. Hana barua ya kuacha wala kifo cha kumwokoa. Ana chuo cha kuanza, mama wa kumpigia simu, mdogo wake Josh wa kumdanganya, na baba wa kambo mwanasheria ambaye hawezi kumwambia neno. Christie alimpa mpelelezi wake dhambi na pumziko kwa pamoja. Jackson amempa wake dhambi na miaka sitini mbele. Riwaya ya vijana haina haki ya kumalizia kwa kifo cha uzee, kwa sababu msomaji wake yuko mwanzoni mwa umri, na swali lake ni mtu huishi vipi na alichokitenda.

Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya kitabu, ile ambayo baadhi ya wasomaji waliiona imepoa, naiona ndiyo bora. Hawkins anaanza kunusa. Pip anatambua kwamba akinaswa, watanaswa wote aliowaita wamsaidie. Anaamua kuwakata: Ravi, Cara, wote. Anakwenda Cambridge peke yake, hazungumzi na mtu, akisubiri kesi ya Max. Amejiapiza kwamba Max akiachiwa, yeye atajisalimisha na kubeba kila kitu. Miezi inapita hivyo. Msichana aliyekuwa na podikasti iliyosikilizwa na watu chungu nzima anakaa chumbani bila sauti. Max anapatikana na hatia, anahukumiwa kifungo cha maisha, na ukimya wa Ravi na Pip unavunjwa na ujumbe mfupi wa simu. Kitabu kinakoma papo hapo. Hatuambiwi kama wataweza kuishi pamoja, wala kama usingizi wake ulirudi.

Lemony Snicket alipoufunga mfululizo wake wa vitabu 13 Oktoba 2006 kwa kitabu alichokiita The End, aliacha maswali makubwa bila majibu, na wasomaji wake wachanga wengi walilalamika kwamba wamedhulumiwa. Jackson ametenda kinyume chake. Maswali ya dalili ameyajibu yote, hata lile la herufi mbili, ila swali la haki ameliacha wazi.

Swali hilo halikutoka hewani. Juni 2021, miezi miwili kabla ya kitabu kutoka, serikali ya Uingereza ilichapisha tathmini yake ya namna kesi za ubakaji zinavyoshughulikiwa Uingereza na Wales, na mawaziri wakakiri kuona aibu kubwa kwa jinsi idadi ya watuhumiwa wanaofikishwa mahakamani ilivyoporomoka. Machi ya mwaka huo Sarah Everard alitekwa akitembea kurudi nyumbani London na kuuawa. Muuaji alikuwa askari aliyekuwa bado ameajiriwa katika polisi wa jiji hilo, Wayne Couzens, aliyekiri mauaji hayo Julai na kuhukumiwa Septemba kufungwa maisha bila matumaini ya kutoka. Wasichana wa Uingereza waliokinunua kitabu hiki Agosti walikinunua katikati ya habari hizo. Waliposoma kwamba Pip alikwenda polisi na kurudishwa nyumbani, hawakuhitaji maelezo ya ziada.

Hapo pia ndipo ninapogombana na mwandishi. Amemfanya Max mbaya mno. Max hana mahali hata pamoja panapotuumiza: hajuti, hababaiki, hana mtu anayemlilia ambaye tunamheshimu. Kwa hiyo anapofungwa, mizani imelalia upande mmoja tangu mwanzo, na msomaji wa miaka 16 anaweza kulipita jambo zito kama anayevuka barabara tupu. Laiti aliyesingiziwa angekuwa mtu mwenye kosa dogo zaidi, au Max huyuhuyu akiwa amepewa kurasa mbili tatu za kuwa binadamu, kitabu kingekuwa kikali mara mbili. Jackson ameyaona maumivu ya Sal kwa jicho la karibu sana, hata tukaingia chumbani kwa wazazi wake. Ya Max ameyaacha mlangoni mwa mahakama.

Na marafiki wanakubali upesi mno. Namfikiria Cara zaidi ya wote. Baba yake yuko gerezani kwa kuua na kuficha. Familia yao ilisambaratika kwa sababu mtu mzima alidhani anaweza kufukia kosa lake na kuendelea kufundisha darasani. Sasa rafiki yake, aliyemfichua baba huyo, anabisha mlango usiku akihitaji kifuniko kwa jambo asiloweza kulitaja. Cara anasema ndiyo. Naamini angesema ndiyo, upendo wao umejengwa vizuri kwa vitabu vitatu. Ila nilitaka nimwone akisitasita, nilitaka sura moja nzima ya usiku huo machoni mwa Cara, maana hakuna mtu mwingine katika Little Kilton anayejua gharama ya siri ya namna hiyo kama yeye. Kitabu kina haraka ya kuwahi saa za kamera, kinampita.

Umbo la vitabu hivi linahitaji neno, kwa kuwa vijana wengi husema ndilo liliwavuta. Kurasa zimejaa kumbukumbu za mahojiano, ramani, picha za ujumbe wa simu, orodha za washukiwa zilizokatwa kalamu. Msomaji anapewa jalada la kesi alichambue mwenyewe. Ni vitabu vya kizazi kilichokua na podikasti za uhalifu wa kweli, hasa baada ya Serial ya 2014 kuwafanya mamilioni ya watu wajione wapelelezi wa kesi moja ya Baltimore. Katika kitabu cha tatu hati hizo zinapungua kadiri Pip anavyozama. Mtu mwenye la kuficha haandiki kumbukumbu. Nimeuona ujanja huo niliposoma kwa mara ya pili tu, na nikampenda zaidi mwandishi kwa kutouonyesha kwa kidole.

Wazazi na walimu huuliza kama kitabu hiki kinamfaa mtoto. Kina ubakaji unaozungumzwa waziwazi, dawa za kulevya, utekaji unaosimuliwa taratibu hadi unaishiwa pumzi, na shujaa anayeua na kufaidika na uongo. Kwa mtoto wa miaka 12 aliyependa kitabu cha kwanza ningesema asubiri. Kwa wa miaka 15 au 16 ningempa, na ningekisoma mimi pia wiki hiyohiyo, kwa sababu atataka mtu wa kubishana naye. Na afuate mpangilio: cha kwanza, cha pili, halafu hiki. Kill Joy, kile kijitabu cha 2021 kinachosimulia usiku mmoja kabla ya mambo yote kuanza, akisome baadaye akitaka kumwona tena Pip akicheka.

Tamthilia ya BBC, ambayo Emma Myers anaigiza kama Pip na Zain Iqbal kama Ravi, ilionyeshwa Uingereza Julai 2024 kwa sehemu sita zinazofuata kitabu cha kwanza, na msimu wa pili uliagizwa baadaye mwaka huohuo. Kitabu cha tatu kitakuwa mtihani wao mgumu. Runinga hupenda kumrudisha shujaa wake msimu baada ya msimu, akiwa msafi, na itakuwa rahisi kwa waandishi wa skrini kumpa Pip sababu nzuri zaidi ya kushika nyundo: Jason amgeukie, kuwe na purukushani, mkono uteleze. Wakifanya hivyo watazamaji watamsamehe papo hapo, na kazi yote ya Jackson itakuwa imemwagika. Pip lazima awe nje, njia ya kukimbia iwe wazi, na arudi mwenyewe.